Uwanja wa msituni na uwanja wa wazi: upi uchague kwa gofu ya diski

Ukimuuliza mchezaji wa gofu ya diski uwanja upi ni mzuri, mara nyingi atakutajia mandhari yake, idadi ya vikapu vyake au urefu wa njia zake. Mimi huanza na jambo jingine: mrusho ukiharibika, uwanja unaufanyia nini? Mrusho mzuri hupendeza popote. Mrusho mbaya ndio unaoonyesha kama aliyeupanga uwanja alikaa akafikiri, au alisimika tu vikapu penye nafasi. Kwa kipimo hicho nalinganisha aina mbili ambazo wachezaji wengi hujikuta wakichagua kati yao: uwanja wa msituni, wenye njia nyembamba katikati ya miti, na uwanja wa wazi, wenye majani mafupi, miti ya kuhesabika na upepo usiozuiwa na kitu.

Kwa aliye mgeni kabisa, mchezo wenyewe ni huu. Unarusha diski kutoka kwenye jukwaa, unaifuata ilipotua, unarusha tena kutoka hapo, mpaka iingie kwenye kikapu chenye minyororo. Aliyetumia mirusho michache zaidi ndiye mshindi. Uwanja wa kwanza wa kudumu ulianza mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove, California, ukiwa ubunifu wa Ed Headrick, mtu aliyebuni pia kikapu cha minyororo. Mwaka 1976 akaanzisha PDGA, chama ambacho hadi leo kinatunga kanuni za mchezo. Viwanja vingi vina vikapu 9 au 18, na kucheza vingi kati ya hivyo hakuhitaji zaidi ya diski mbili tatu na miguu yenye nguvu za kutembea.

Kosa la nyuzi 5

Chukua mrusho wa kawaida wa mchezaji wa wikendi. Kikapu kiko mita 80, na diski imeachiwa ikiwa imekwenda pembeni kwa nyuzi 5. Ni kosa dogo, la vidole kuchelewa kidogo tu kufunguka. Uwandani, diski hiyo ikifikisha mita 80 itakuwa imekengeuka kama mita 7. Kanuni za PDGA zinalihesabu eneo la mita 10 kuzunguka kikapu kuwa eneo la kutumbukizia: ukiwa humo, lazima ubaki umesimama imara nyuma ya alama ya mahali diski yako ilipotua baada ya kurusha, usijiachie kwenda mbele. Mita 7 iko ndani ya duara hilo. Umekosea, na bado unaweza kumaliza kwa mrusho wa pili.

Lipeleke kosa hilohilo msituni. Mita 20 mbele ya jukwaa kuna mwanya wa mita 3 kati ya vigogo viwili, kwa hiyo ukilenga katikati una mita 1.5 kila upande. Nyuzi 5 katika umbali wa mita 20 ni kama mita 1.75. Diski inagonga kigogo, inadondoka chini yake au inadundia kichakani, na kikapu bado kiko mita 60 mbele, unakichungulia kupitia matawi.

Mkono ni ule ule na kosa ni lile lile, ila hukumu ni mbili tofauti. Msitu unakuhukumu pale unapoachia diski, kabla hata haijaanza kuruka vizuri. Uwanda unakuhukumu diski inapotua, baada ya upepo na mteremko kufanya kazi yake. Karibu kila sifa na kila kasoro ya viwanja hivi viwili inatokana na hapo.

Msituni

Faida kubwa ya msitu ni kwamba unakulazimisha kujua unachokitaka kabla ya kurusha. Diski nyingi, zikirushwa na mtu wa mkono wa kulia anayevuta mkono mbele ya kifua, huishia kuelekea kushoto zinapopungua kasi. Ukirusha kwa upande wa kiganja, mkono ukitokea kando ya nyonga, huishia kulia. Uwandani unaweza kucheza miaka ukitegemea mrusho mmoja tu kati ya hiyo miwili. Msituni, njia ikipinda kulia baada ya mita 40 huna ujanja: ama ujifunze mrusho wa pili, ama upate diski inayogeuka upande huo na ujue namna ya kuielekeza. Ndiyo maana waliokulia katika viwanja vya miti wana aina nyingi za mirusho, na hata wakihamia uwandani hawashindwi kuitumia.

Faida ya pili ni kwamba nguvu hupungua thamani. Diski nyingi huchapwa namba nne juu yake, na ya kwanza ni kasi. Diski ya kasi 12 ina ukingo mpana wenye ncha kali na inahitaji mkono wenye nguvu ili iruke inavyotakiwa, ilhali ya kasi 3 au 5 huenda inakoelekezwa hata ikirushwa taratibu. Katika njia nyembamba, mtu anayefikisha mita 60 kwa unyoofu humshinda anayefikisha mita 110 bila kujua zitaishia wapi. Mzee, kijana, mwenye misuli na asiye nayo wanacheza pamoja na matokeo yanakaribiana. Kwangu hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana, maana ndilo linalofanya kundi la watu wa aina mbalimbali litake kurudi tena.

Kuna na mambo ya mwili tu: kivuli mchana wa jua kali, na upepo uliovunjwa na majani kiasi kwamba diski nyepesi ya kutumbukizia haipeperushwi.

Sasa kasoro. Ya kwanza na nzito zaidi ni bahati. Mwanya mmoja ulio wazi ni mtihani. Vigogo 20 vilivyotapakaa bila mwanya wowote wa maana ni kamari, hata kama njia hiyo inaitwa ngumu. Nina kipimo rahisi: simama jukwaani, nyoosha kidole uonyeshe diski inapotakiwa kupita. Ukiweza kuonyesha, njia ni ya haki hata iwe nyembamba namna gani. Ukibaki unazungusha kidole hewani, njia hiyo inafurahisha anayepona na kumkera asiyepona, na hakuna aliyejifunza lolote. Viwanja vingi vya msituni vilivyotengenezwa kwa haraka vina njia mbili tatu za namna hii, kwa sababu kukata mti ni uamuzi mzito na kusimika kikapu ni kazi ya saa moja.

Ya pili ni diski kupotea. Kanuni zinatoa dakika 3 za kuitafuta. Zikiisha, diski huhesabiwa kuwa imepotea, unaongezewa mrusho mmoja wa adhabu na unarudi ulikorushia mrusho huo. Hiyo ni adhabu ya kwenye karatasi tu. Adhabu halisi ni kwamba mwanafunzi mwenye diski mbili sasa ana moja, na kundi zima limesimama kichakani likipekua majani badala ya kucheza. Nchi ikiwa na msimu ambao magugu hufika magotini, uliza kama kuna anayeyafyeka. Uwanja wa msituni usiofyekwa ni mzuri nusu mwaka tu.

Ya tatu haizungumzwi vya kutosha: msitu nao huumia. Miti iliyo karibu na jukwaa, hasa ile ya kwanza kulia na kushoto, hugongwa mara nyingi mno na magome yake huchubuka mpaka ndani. Nyayo za watu hushindilia udongo, mvua huuchukua, mizizi hubaki juu. Uwanja unaotunzwa utaujua kwa ishara chache: vipande vya mbao vilivyomwagwa kuzunguka vikapu na majukwaa, nguzo zilizosimikwa kuikinga miti inayopigwa zaidi, na vikapu vinavyohamishwa mara kwa mara ili ardhi ipumzike. Ukiona magome yaliyokwisha na mizizi iliyoning'inia juu ya udongo, ujue uwanja huo unaliwa na wachezaji wake, na njia zake nzuri hazitakuwa nzuri kwa muda mrefu.

Na mizizi hiyo ndiyo inayotegua vifundo vya miguu. Mwenye magoti yanayosumbua azingatie.

Mfano unaosifiwa sana wa uwanja wenye miti ni Maple Hill, mjini Leicester, Massachusetts, uliopangwa kwenye shamba la miti ya Krismasi. Pana miti mirefu, pana mabwawa, na njia nyingi zinakutaka uchague mapema: upite upande salama ubaki na mrusho mrefu, au upite karibu na hatari upate mrusho mfupi. Mchezaji anayechagua vibaya anaadhibiwa kwa uchaguzi wake, hapo ndipo ninapouona uzuri wake.

Uwandani

Kuitazama diski ikiruka mpaka mwisho, ikipanda, ikielea, ikigeuka na kutua pale pale ulipoitazamia, ni raha inayowavuta watu wengi kwenye mchezo huu, na raha hiyo uwanja wa wazi unaitoa kwa kila mrusho. Pia inafundisha. Anayeanza anahitaji kuona diski yake inafanya nini ikiachwa iruke yote. Mti ukiikatiza mita 15, hajui kama angepita sawa au la. Kwa juma la kwanza na mwezi wa kwanza wa kujifunza, uwazi hauna mpinzani. Hali ni hiyo hiyo kwa watoto, ambao hupoteza hamu haraka diski zisipoonekana.

Halafu kuna upepo, na hapa uwanja wa wazi unakuwa na utajiri ambao msitu hauna. Diski huitikia mwendo wa hewa inayopita juu yake. Ukirusha dhidi ya upepo, kwa diski ni kama umeirusha kwa kasi zaidi: inageuka kuelekea kulia kwa yule mwenye mkono wa kulia, na isiyo imara hupinduka kabisa. Upepo ukiisukuma kutoka nyuma, inakuwa kama imerushwa polepole: inaanza kuanguka upande wa kushoto mapema. Upepo wa ubavuni ukipiga tumbo la diski unaiinua na kuipeleka mbali. Ukipiga mgongo wake unaikandamiza chini. Kwa hiyo njia ile ile ya mita 90 asubuhi tulivu si njia ile ile alasiri, na anayejifunza kuusoma upepo anapata uwanja mpya kila anapofika. Ukitaka kujua upepo una nguvu gani, kumbuka kwamba rekodi ya dunia ya umbali, mita 338, iliwekwa na David Wiggins Jr. mwaka 2016 katika jangwa la Nevada, upepo ukivuma kwa nguvu. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kufika huko peke yake.

Kasoro yake kubwa ni kujirudia. Uwanda usiopangwa vizuri una vikapu 18 na mrusho mmoja: nyoosha, vuta, achia, tembea. Baada ya kikapu cha sita hakuna cha kufikiri. Na hapo mwenye nguvu anakuwa na faida isiyokatika, kwa kuwa hakuna kinachomzuia kurusha atakavyo. Lile kosa la nyuzi 5 tulilolianza nalo linasamehewa mara kumi mfululizo, na mchezaji anajenga tabia mbaya akidhani ni ustadi. Nimewaona watu waliozoea uwanda wakiingia msituni wakashangaa mkono wao umepotelea wapi. Ukweli ni kwamba walikuwa wakikosea hivyo hivyo siku zote, ila hakuna kigogo kilichowaambia.

Waandaaji wa mashindano wanaijua kasoro hii na dawa yao ni kamba. Uwanja wa Winthrop Gold, mjini Rock Hill, South Carolina, umekuwa makao ya mashindano ya kitaifa ya Marekani tangu 1999, na kwa sehemu kubwa ni uwanja wa nyasi wenye ziwa na miti iliyoachana. Hutandazwa kamba ndefu za kuchora mipaka. Diski ikitua nje ya kamba unaongezewa mrusho mmoja. Kikapu chake cha 17 kiko kwenye eneo lililozungushiwa mpaka kama kisiwa, na wachezaji mahiri wamewahi kupoteza uongozi hapo. Wapo wasiozipenda kamba kwa kuwa hazionekani kwa mbali na zinaadhibu kwa sentimita. Mimi naziunga mkono kwa mashindano, kwa sababu zinairudisha ile hukumu ambayo uwanda umeikosa. Lakini kwa mchezo wa kila siku hazipo, na usidanganywe na picha za mashindano: uwanja utakaoukuta siku ya kawaida ni nyasi tupu.

Kasoro nyingine ya uwazi ni watu. Nyasi fupi huvutia kila mtu: wanaotembeza mbwa, wanaocheza mpira, familia zilizotandika mikeka. Diski ya masafa marefu ina uzito wa takriban gramu 150 hadi 175 na ukingo mgumu. Ikimpata mtu usoni ni jeraha. Kanuni za adabu za mchezo zinakataza kurusha kukiwa na mtu anayeweza kufikiwa, kwa hiyo katika bustani yenye watu wengi utasimama sana. Uwanja wa wazi ambao njia zake zinakatiza vijia vya watembea kwa miguu sitampendekezea mtu yeyote, hata vikapu vyake viwe vipya vinang'aa. Katika msitu tatizo liko kinyume: watu ni wachache, ila huwaoni. Njia inayopinda bila kuonyesha kilichoko mbele inahitaji mtu wa kutangulia kuangalia.

Yanayofanana kote kuwili

Jukwaa likaguliwe kwanza. Liwe bapa, lisiteleze likilowa, na nyuma yake pawe na nafasi ya hatua za kukimbilia. Jukwaa la udongo lililochimbika katikati huharibu mguu na mrusho pamoja, na hili ni la kawaida zaidi msituni kwa sababu ya unyevu. Kibao chenye ramani ya njia ni muhimu msituni kuliko uwandani, ambako kikapu unakiona. Minyororo iliyolegea au iliyopungua hutema diski iliyoingia vizuri. Muda hautofautiani sana kwa kundi la watu wanne, isipokuwa msituni utaongeza dakika za kutafuta diski na uwandani utaongeza dakika za kusubiri wapita njia.

Nani aende wapi

Anayeanza leo aende uwandani, na asikae sana. Akishaweza kurusha diski ya masafa ya kati ikaenda mita 50 bila kuyumba, aingie uwanja mfupi wa msituni, wenye vikapu 9 vya mita 50 hadi 70. Huo ndio uwanja ninaouthamini kuliko aina zote, ingawa hauonekani kwenye picha za mtu yeyote. Ni mfupi kiasi cha kukuruhusu kutumia diski za polepole, mwembamba kiasi cha kukudai unyoofu, na unaisha ndani ya saa moja, hivyo unaweza kuupitia mara mbili na kusahihisha kile ulichokosea mara ya kwanza. Watu wanaupita wakielekea kwenye uwanja mkubwa wa vikapu 18 ulioandikwa kuwa wa ubingwa, kisha wanatumia nusu siku wakirusha diski zisizowafaa kwenye njia zisizowafaa.

Mwenye nguvu nyingi na matokeo yasiyopanda aende msituni, na aache nyumbani diski zote za kasi inayozidi 9. Mwenye mkono mnyoofu lakini anayeshindwa kila upepo ukivuma anahitaji uwanda, tena siku zile ambazo wengine wanaghairi. Anayejiandaa kwa mashindano achague kinyume cha uwanja aliouzoea.

Kwa anayetoka na familia au marafiki wa viwango mbalimbali, jibu langu linategemea kundi. Wakiwa wengi wao ni wageni wa mchezo, uwandani, kwa sababu ya kuona diski na kutembea kwa raha. Wakiwa tayari wanajua kurusha ila nguvu zao zinapishana sana, msituni, ili asiwepo mmoja anayewasubiri wenzake mbele kwa kila kikapu. Mwenye kiti cha magurudumu au anayetembelea mkongojo ana uwanda pekee, na hata huko aulize kuhusu miteremko.

Uwanja mseto

Ukibahatika kuwa na uwanja wenye sehemu zote mbili, usifurahi kabla ya kuangalia mpangilio. Viwanja vingi vya mseto vimegawanyika tu: vikapu 9 vya kwanza nyasini, 9 vya mwisho mitini, na mchezaji anacheza michezo miwili isiyojuana. Mseto mzuri unachanganya ndani ya njia moja. Unarushia kutoka katikati ya miti kwenda kwenye uwazi, au kutoka uwazini kuingia mwanya wa kikapu kilichojificha, na mrusho wa kwanza ndio unaoamua wa pili utakuwa rahisi au mgumu. Tafuta njia zenye kudai mirusho miwili ya aina tofauti. Zikifika nne au tano, uwanja huo unastahili safari ndefu.

Kabla ya kuamua, tembea njia tatu bila kurusha chochote. Anza na ile inayosemwa ni ngumu kuliko zote. Simama jukwaani, onyesha kwa kidole diski inapotakiwa kupita, kisha nenda ukasimame mahali ambapo mrusho uliokosea kidogo ungeangukia. Angalia kama kutoka hapo kuna mrusho wa kujiokoa: mwanya mdogo wa kurudi njiani, nafasi ya kupiga magoti na kupitisha diski chini ya matawi. Kisha nenda ambapo mrusho uliokosea sana ungeangukia, uangalie tena. Sehemu mbili hizo zikiwa na adhabu moja, aliyekosea kidogo na aliyekosea sana wote wakinaswa kwenye miiba ile ile au wote wakitua kwenye nyasi laini zile zile, fanya hivyo kwenye njia nyingine mbili. Zikijibu vivyo hivyo, tafuta uwanja mwingine.